Leseni ya Kanga

Bi Pindo alifika shambani asubuhi akakuta kanga wameshamaliza kazi. Si kanga za kuvaa, jamani. Nasema kanga ndege, wale wa madoadoa, kichwa kidogo kelele nyingi. Tuta zima walikuwa wamelichakura, wamefukua mbegu za karanga moja moja na kuzila, na mmoja wao alikuwa bado amesimama juu ya sanamu la kutishia ndege, begani kabisa, anajichokonoa bawa kama yuko kwao.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Alipanda, zikaliwa. Akapanda tena, zikaliwa tena. Mbegu iliyobaki ilikuwa kifuko kimoja, kimening'inizwa kwenye chumba cha marehemu mama yake pale pembeni mwa shamba, na ikiliwa hiyo basi tena. Bi Pindo akaketi juu ya jiwe, akashika tama, kisha akaanza kutukana. Akawatukana kanga, akalitukana sanamu, akamalizia na kaka yake ambaye wala hakuwepo.

Kwa kaka alikuwa na sababu. Shamba hilo mama aliwaachia wote wawili, na likawa karibu na barabara, kwa hiyo kuna mwenye malori mmoja alilitamani apate pa kuegesha magari yake. Kaka alitaka kuuza. Bi Pindo hakutaka kusikia. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, ndipo kaka akasema, "Haya. Mvua hizi zikiisha na shamba limeota, ni lako, sina neno tena. Likikaa tupu, tunauza, na usinililie." Bi Pindo akakubali huku machozi ya hasira yanamtoka. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yake ya kwanza ilitoka kwenye karanga za shamba lile. Mama yake aliinama pale miaka nenda rudi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Kuliuza kwake ilikuwa ni kumzika mama mara ya pili.

Akampigia simu palepale.

"Kaka, kanga zimekula tena."

"Wamekula."

"Nini?"

"Kanga ana roho. Sema kanga wamekula. Zile zinazoitwa zi-zi ni hizo unazozipinda kibarazani kwako."

"Kaka! Mbegu zimeliwa!"

"Hapo umepatia," akasema kaka, na Bi Pindo akamkatia simu.

Mtaa mzima ulimwita kaka huyo Bwana Sahihi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, kazi yake kusoma maandishi na kuyatoa makosa kabla hayajaenda kwenye mashine. Kazi aliiacha, ila tabia ndiyo haikumwacha. Hata msibani, watu wanalia, yeye alimvuta pembeni mtoa wasifu akamwonyesha pa kurekebisha. Bi Pindo yeye aliongea kama watu wote wa mtaani wanavyoongea: ng'ombe zangu, kuku zangu, kanga zimenimaliza. Wala hakuona kosa liko wapi.

Jirani yake wa shambani, mfuga nyuki, akaja kusimama naye kuangalia hasara.

"Ingekuwa inaruhusiwa, ungetega," akasema.

"Si nitege tu?"

"Thubutu! Mimi nilitega kitanzi kimoja, kimoja tu, cha kamba ya katani. Askari wa wanyamapori wakanibeba mimi na kitanzi changu. Nililala sakafuni na wezi wa simu. Usijaribu, dada yangu. Nenda ukachukue kwanza leseni ya msingi. Bila hiyo hata ukimwinda panya wa porini wanakukamata."

"Inachukuliwa wapi?"

"Palepale kwenye ofisi za serikali. Wanatoa leseni zote."

Basi Bi Pindo akafunga kibaraza chake mapema, na kwa haraka aliyokuwa nayo akasahau hata kuvua tepu ya kupimia shingoni. Akaenda.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja, rangi imebabuka, na ukumbi wa chini una mabenchi yaliyolegea na foleni isiyoeleweka inaanzia wapi. Kila mtu alidai kwamba yeye yuko nyuma ya yule. Bi Pindo akasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Dirisha lilikuwa moja, na nyuma yake karani kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na uso wa mtu aliyekwisha kuchoka kabla siku haijaanza.

"Nimekuja kuchukua leseni ya kanga," akasema Bi Pindo.

Karani akaitazama ile tepu shingoni. "Ndiyo kwanza unaanza?"

"Ndiyo kwanza. Nimeambiwa nianze na ile ya msingi."

"Sawa, ya kuanzia. Kanga zenyewe zipo tayari?"

"Zipo! Zimejaa kwangu, sina pa kukanyaga."

"Zinatoka wapi?"

"Ng'ambo," akasema Bi Pindo, maana kanga wale walivuka asubuhi kutoka ng'ambo ya mto.

"Ahaa, mzigo wa kutoka ng'ambo." Karani akaandika. "Za aina gani?"

"Zile za madoadoa."

"Zinakuja jozi jozi?"

"Jozi? Baba, zinakuja makundi makundi!"

"Kwa hiyo utataka kuziondoa kwa jumla, siyo rejareja."

"Kwa jumla! Nizimalize zote kwa mpigo, isibaki hata moja!"

Karani akatabasamu kidogo, akamwambia anapenda kuona mama mwenye moyo wa kazi. Bi Pindo alijisikia vizuri. Alitoka pale akifikiri kumbe serikali inawaonea huruma watu wenye mashamba.

Wewe acha tu. Siku ya kuchukua leseni, mtandao haupo. Aliporudi, mtandao upo, mashine ya kuchapa haina wino. Aliporudi tena wino upo, mkubwa wa kusaini yuko semina. Alikaa kwenye benchi na mwanamke mmoja aliyekuwa anafuatilia kibali cha kuchimba choo, na mwanamke yule akamwambia amekuwa akija tangu choo cha zamani kilipokuwa hakijajaa. Nyumbani, wateja walikuja kudai nguo zao wakakuta kibaraza kimefungwa. Bibi harusi mmoja alimsubiri mpaka akalia. Mvua nazo zinanyesha, ardhi imelowa vizuri, tayari kupokea mbegu, na Bi Pindo hathubutu kupanda kile kifuko cha mwisho kwa sababu kanga wapo wanasubiri. Kila asubuhi aliwakuta kwenye tuta wanamwangalia. Aliapa kwamba mmoja alimcheka.

Leseni ikatoka. Ina muhuri, ina picha yake amenuna, imewekwa kwenye plastiki. Bi Pindo akaibusu mbele za watu. Hakuisoma, maana muhuri ulimtosha. Akaenda nayo moja kwa moja mpaka kwa mfuga nyuki, akamtupia mapajani kwa maringo.

"Haya, nifundishe kutega."

Mfuga nyuki akaisoma. Akaisoma tena. Akaivuta karibu na macho, kisha akaanza kutikisika mabega, na Bi Pindo akadhani nyuki amemuuma.

"Dada yangu, hii ni leseni ya biashara."

"Biashara gani?"

"Kanga. Kwa jumla. Kutoka nje ya nchi." Mzee wa watu akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. "Wamekuruhusu kuuza kanga za kuvaa!"

Bi Pindo alihisi kichwa kinawaka moto. Akaipokonya ile karatasi, akaisoma mwenyewe, na maneno yakawa ni yaleyale. Hapo ndipo sauti ya kaka ilipomjia sikioni, waziwazi, kanga ana roho, na akatamani kumkuta kaka huyo pale alipo amnyonge kwa tepu. Zimejaa kwangu. Za madoadoa. Nizimalize zote. Mungu wangu! Yule kijana wa watu angejuaje?

Hakulala vizuri. Kulipokucha alikuwa wa kwanza dirishani.

"Wewe!" akamwambia karani. "Mimi nilikuomba leseni ya ndege!"

"Leseni ya ndege unapata kwa watu wa viwanja vya ndege, mama."

"Ndege wa kuruka!"

"Ndege zote zinaruka."

"Kanga!" akapiga kelele Bi Pindo, akainua mikono akaifanya mabawa, akaweka na mlio wenyewe, ule wa kanga, kwa sauti ya juu kabisa. Ukumbi mzima ukamgeukia. Yule mwanamke wa choo akaangusha mkoba.

Karani akakodoa macho. Polepole akaelewa, na uso ukamshuka. "Mama... ulisema zimejaa."

"Zimejaa! Ndivyo tunavyosema!"

"Kama ungesema wamejaa, mimi ningekupeleka juu, kwa wanyamapori. Hapa chini ni biashara tu."

"Basi ifute hii unipeleke juu."

"Kuifuta siwezi. Ikishatoka imetoka. Inabidi mkaguzi aje aone duka lako kwanza, ndipo tulifunge."

"Duka sina!"

"Ndiyo, lakini lazima alione."

Bi Pindo hakubishana. Akapanda ngazi.

Huko juu kulikuwa na chumba kimoja, ukutani pembe za swala zimejaa vumbi, na afisa wa wanyamapori mnene, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichoisha. Alimsikiliza vizuri kuliko wote. Akamkaribisha kiti. Na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Bi Pindo, kwamba hata pa kumkasirikia hakumwonyesha.

"Leseni ya msingi unaipata, mama yangu, hilo halina shida," akasema afisa. "Ila kwanza unasoma darasa la uwindaji salama, halafu mtihani. Silaha unayo?"

"Mkasi."

Afisa akafikiri kidogo. "Tutaandika mtego. Sasa darasa linaanza tukipata watu wa kutosha."

"Wako wangapi mpaka sasa?"

"Mpaka sasa upo wewe."

"Na nikishasoma, nikifaulu, nikipewa, ndiyo nitege kanga?"

"Hapana, hapo unaomba kibali cha kanga. Ya msingi ni ya kukuruhusu kuomba. Na vibali vya kanga tumefunga kwa sasa, mama, wanataga. Tunafungua mvua zikiisha."

Mvua zikiisha! Bi Pindo akainama, akaficha uso kwa viganja, na akalia pale mbele ya pembe za swala, kwa kwikwi, bila aibu. Mvua zikiisha shamba litakuwa limejaa malori. Afisa alimsogezea kikombe chake cha chai, cha kwake mwenyewe, alichokuwa anakinywea. Bi Pindo akakinywa, maana la kufanya lingine hakuliona. Akaandikisha jina kwenye darasa la mtu mmoja, akaondoka.

Siku hiyohiyo alipiga moyo konde. Alikodi mkokoteni, akapakia cherehani yake na nguo za wateja, akahamia shambani kwenye chumba cha mama. Akapanda kile kifuko cha mwisho, tuta kwa tuta. Kama hakuna wa kuzuia kanga kwa leseni, atawazuia kwa mwili wake. Akaketi mlangoni anashona, na kila kanga akitokeza upande huu anainuka, anakimbia, anapiga makofi, anarudi. Huku akikaa, kule wanaingia. Akienda kule, wanahamia huku. Jioni alikuwa hoi, pumzi juu, na bado ameshona mkono mmoja wa gauni upande usio wake. Akatambua kwamba hawezi. Yuko peke yake na wao ni ukoo mzima.

Kesho yake, katikati ya mbio hizo, pikipiki ikasimama barabarani. Akashuka mtu mwenye kitambulisho kifuani.

"Mimi mkaguzi wa biashara. Nimeelekezwa kibarazani nikaambiwa umehamia huku. Wewe ndiye mwenye leseni ya kanga?"

"Mimi," akasema Bi Pindo akihema, na ndala moja mkononi.

"Duka liko wapi?"

"Nilishawaeleza hakuna duka! Ile leseni ni ya makosa!"

"Mimi sijui makosa, mama. Mimi ninajua duka. Umechukua leseni ya jumla, huna duka, huna bidhaa hata moja? Hiyo ni faini. Na usipolipa unapelekwa mbele."

Hilo lilikuwa tone la mwisho. Damu ikamchemka Bi Pindo mpaka masikio yakaziba. Amenyimwa leseni anayoitaka, amepewa asiyoitaka, na sasa anatishiwa kufungwa kwa hiyo hiyo! Akageuka, akaingia chumbani kwa mama, akaliburuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Tangu msiba lilikuwa halijafunguliwa. Yeye na kaka hakuna aliyekuwa na moyo huo. Akaipiga kufuli kwa chuma cha pasi ikaachia.

"Bidhaa unataka? Subiri nikuonyeshe bidhaa!"

Kanga za mama zilikuwa zimekunjwa vizuri, zina harufu ya sabuni na ya mama mwenyewe. Harufu ile ikampiga kifuani, lakini hasira ilikuwa imeshika usukani na hakusimama. Akachukua kamba ya nguo, akaifunga mti kwa nguzo, nguzo kwa mti, akazunguka shamba lote, na kila hatua anatundika kanga. Nyekundu ile aliyoivaa akimpeleka shule. Nyeusi ya misiba. Njano iliyopauka ya shambani. Alitundika huku analia na anagomba kwa pamoja, na mkaguzi alimfuata nyuma, amevua kofia.

"Haya! Duka hilo! Andika!"

Upepo ukaja kutoka mtoni, na kanga zote zikainuka mara moja zikapigapiga. Mkaguzi akaandika. Kisha, kwa adabu, akaulizia bei ya ile nyekundu, ampelekee mkewe.

"Haiuzwi!"

"Na ile nyeusi?"

"Hakuna inayouzwa! Nenda!"

Mkaguzi akaenda. Bi Pindo akajitupa kitandani kwa mama, akalala mchana kweupe kwa uchovu, wala hakujali tena wakila.

Alipoamka alisikia kimya. Akatoka mbio na ndala mkononi. Tuta la kwanza zima. La pili zima. Ng'ambo ya mto kanga walikuwa wamejipanga, shingo zimenyooka, wanaziangalia zile nguo zinavyopiga upepo. Mmoja alijaribu kusogea. Ile nyekundu ikajipinda ikapiga kofi hewani, na yule kanga akageuza akatimua mbio na wenzake wote nyuma. Sanamu walilizoea kwa sababu lilisimama tu. Kanga za mama hazikutulia hata dakika moja. Bi Pindo akakaa kwenye lile jiwe lake akacheka, kisha akalia tena, na mfuga nyuki alipokuja kuuliza kuna nini akamwonyesha ile nyekundu kwa ndala.

Kaka alikuja mvua zilipokuwa zinamalizikia, amevaa viatu vya kwenda mjini, tayari kwa maneno ya kuuza. Akasimama barabarani. Mistari ya karanga ilikuwa imechipua kijani toka mwanzo wa shamba mpaka mwisho, majani yamebanana, na kuzunguka kote nguo za mama yake zinapepea. Zilikuwa zimepauka kwa jua na mvua, nyingine zimechanika pindo. Akaiendea ile nyekundu, akaishika kwa vidole viwili, akaileta puani.

"Haina tena harufu yake," akasema.

"Najua, kaka. Nisamehe. Harufu ndiyo iliyoondoka."

Mzee mzima, midomo ilikuwa inamcheza. Kisha akakohoa, akajitengeneza kola.

"Ile leseni yako ninayoisikia mtaani, uliipata?"

"Leseni gani? Jana wamenipigia simu, darasa limepata mtu wa pili. Kanga hata mmoja sijamtega." Bi Pindo alikuwa ameshikwa na hasira upya, hakuwa anachagua maneno wala kuyapima. "Kanga zimewafukuza kanga."

Kaka akafungua mdomo, kama kawaida yake. Akabaki hivyohivyo, kidole hewani. Akalirudia lile neno taratibu, kimoyomoyo, midomo ikitembea, zime, wa, fukuza. Akashusha kidole.

"Sahihi," akasema, na sauti ikamkatika. Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimwambie yule mwenye malori asije."

"Mwambie vizuri," akasema Bi Pindo akijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Malori yake sema hayatakuja. Usije ukasema hawatakuja, ukaniletea madereva."

Kaka akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na akapiga simu.